Picha Nzito, Simu Nyepesi: Korongo la Gasenyi Ndani ya Kivinjari

Jirani yangu hapa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, ana nyumba iliyo hatua arobaini kutoka ukingo wa korongo. Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Jumapili moja alinijia na simu mkononi. Kijana mmoja alikuwa amerusha droni juu ya mtaa, akamtumia kiungo cha picha iliyounganishwa kutoka mamia ya picha ndogo: korongo lote na nyumba za kando yake, vikionekana kutoka juu.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Mega zangu zimeisha na sijaona hata bati la nyumba yangu."

Nikaunga simu yake kwenye mtandao wangu, tukajaribu tena. Kivinjari kilianza vizuri. Picha ikashuka kutoka juu, mstari kwa mstari: mabati, miembe, kipande cha barabara ya vumbi. Kisha kioo kikawa cheupe na ukurasa ukajipakia upya kama vile hatukufanya kitu. Mara ya tatu simu ilipata moto, kivinjari kikajifunga chenyewe. Lawama, kama ilivyo ada, tuliitupia kampuni ya simu. Nilipolitazama faili baadaye kwenye kompyuta nikaona tumeionea. Lilikuwa na megabaiti 80, na megabaiti zote 80 zilikuwa zimefika. Kilichoshindikana ni kuifungua picha, na hilo halihusiani na mnara.

Kwa nini mtu wa Gasenyi ahangaike na picha ya namna hii? Jina lenyewe linajibu: kwa Kirundi *umusenyi* ni mchanga, na mchanga hauna msimamo mbele ya maji. Februari 2014 mafuriko ya usiku mmoja kaskazini mwa Bujumbura yaliua watu zaidi ya 60. Desemba 2019 mvua kubwa ikarudi upande huohuo, Winterekwa, Nyabagere na hapa kwetu. Ni mwaka huohuo wa 2019, mwezi Februari, Wachina walipokabidhi ikulu ya Ntare Rushatsi waliyoijenga Gasenyi. Mtaa unaopanda hadhi na kumomonyoka kwa wakati mmoja unahitaji kujitazama mara kwa mara, na kwa watu wengi chombo cha kujitazamia ni simu ya bei nafuu na kivinjari kilichomo.

Turudi kwenye megabaiti 80. Kosa la kwanza tunalofanya wote ni kudhani kwamba uzito wa faili ndio uzito wa picha. Faili la picha ni maharage makavu. Kikombe kimoja hukaa vizuri kwenye kabati, lakini ukikiloweka usiku kucha, asubuhi yamejaza sufuria. JPEG, mfumo wa kubana picha uliosanifishwa mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, ukatupa mabadiliko madogo ya rangi ambayo jicho haliyapati, ukaandika yaliyobaki kwa ufupi. Kivinjari hakiwezi kuchora ufupi huo. Lazima kwanza kiuloweke: kila pikseli ipewe nafasi yake kwenye kumbukumbu ya simu, baiti nne kwa pikseli moja, yaani nyekundu, kijani, bluu na kiwango cha uwazi.

Picha ya jirani yangu ilikuwa na pikseli 20,000 kwa 15,000. Hizo ni pikseli milioni 300. Zidisha kwa nne: megabaiti 1,200. Simu yake ina gigabaiti 2 za kumbukumbu, na sehemu kubwa imeshakaliwa na mfumo wa simu wenyewe, WhatsApp na mengine yanayojiendesha chinichini. Mfumo ukiona programu moja inataka kumeza kila kitu, huiua. Ndiyo maana ya ule ukurasa uliojipakia upya. Hapakuwa na hitilafu. Simu ilikuwa ikijitetea.

Jambo hili lina upande wake wa uhuni. Picha ya PNG nyeupe tupu, pikseli 20,000 kwa 20,000, hubanwa hadi megabaiti moja hivi, kwa sababu kusema "nyeupe" mara milioni 400 ni habari fupi. Ikilowekwa inadai megabaiti 1,600. Kuna watu hutega bomu la aina hiyo kwa makusudi ili kuangusha seva na simu za wenzao, na ndiyo sababu moja ya vivinjari kuweka mipaka. Mifumo ya picha nayo ina vikomo vyake: picha za WebP, mfumo wa Google wa mwaka 2010, haziwezi kuzidi pikseli 16,383 kwa upande. JPEG yenyewe inakomea 65,535. Na kwenye iPhone, Safari kwa miaka mingi ilikataa kuchora kwenye turubai moja zaidi ya pikseli 16,777,216, yaani 4,096 kwa 4,096. Picha ya korongo letu ingejaza turubai kama hizo karibu 18.

Tuseme basi simu ni kubwa na picha imefunguka. Kivinjari hufanya nini nayo? Ukiifungua picha peke yake, bila ukurasa, kivinjari huikunja iingie dirishani. Kwenye kompyuta mshale hugeuka kioo cha kukuzia; ukibofya picha hurudi ukubwa wake halisi, ukibofya tena inakunjwa. Kwenye simu kazi hiyo hufanywa na vidole viwili.

Katika kule kukunja ndiko habari inakopotelea bila mtazamaji kujua. Kioo cha simu ya jirani yangu kina pikseli 720 kwa upana. Kuingiza pikseli 20,000 mahali pa 720 maana yake kila pikseli ya kioo inawakilisha pikseli za picha zaidi ya 770, zilizochanganywa zikawa rangi moja. Droni ilipiga kwa kiwango ambacho pikseli moja ni sentimita 5 za ardhi. Picha ikikunjwa, pikseli moja ya kioo inakuwa mita moja na sentimita 39. Ufa wa ukingoni wenye upana wa kiganja, ule ambao mwenye nyumba anapaswa kuuona kabla mvua haijaanza, umekwisha kufutika. Mtazamaji anaona mtaa mzuri wenye mabati mengi.

Ukikuza kwa vidole unaurudisha ufa huo, ilimradi zile pikseli zimo bado kwenye simu. Hapa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Kukuza kwa Ctrl na alama ya kujumlisha kwenye kompyuta hukuza ukurasa mzima: maandishi yanapangwa upya, mistari inakatika mahali pengine, picha zinapewa nafasi kubwa zaidi. Kukuza kwa vidole hakupangi upya chochote. Ni kusogeza jicho karibu na kile kilichokwisha kuchorwa. Maandishi na michoro ya SVG huchorwa upya kila mara na hubaki na makali yake, kwa kuwa yamehifadhiwa kama maelekezo: chora mstari kutoka hapa hadi pale. Picha ya kamera haina maelekezo, ina nukta tu. Nukta zikiisha, kivinjari hubuni.

Na hubuni kwa adabu mno, hilo ndilo tatizo. Kati ya pikseli ya bati na pikseli ya udongo kinaweka rangi za katikati, ukingo unalainika, na jicho linaamini kwamba limeona kitu. Mtengenezaji wa ukurasa anaweza kukiamuru kivinjari kiache miraba ionekane kama ilivyo, kwa agizo fupi tu lenye neno *pixelated*. Wachache hufanya hivyo kwa kuwa miraba haipendezi. Mimi ningependa ramani zote za viwanja zilazimishwe. Mraba unakuambia waziwazi kwamba habari imeishia hapa.

Nasema hivyo kwa sababu ya kesi za mipaka. Kila mtaa unaokua una kesi hizo, na siku hizi wawili wakigombana, wa tatu hutoa simu, akafungua ramani ya setilaiti, akavuta kwa vidole mpaka mwisho. Hebu tupige hesabu. Ramani za mtandaoni hupangwa kwa ngazi. Katika ngazi ya 18 pikseli moja karibu na ikweta ni sentimita 60 hivi, na Bujumbura iko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kinakuwa na pikseli 33 kwa 42. Ukuta wa tofali wa sentimita 20 ni theluthi ya pikseli. "Basi ongeza," atasema mwenye simu, na ramani itamkubalia hadi ngazi ya 21, pikseli ya sentimita saba na nusu. Lakini setilaiti ya WorldView-3, iliyorushwa 2014 na iliyo miongoni mwa zenye macho makali kabisa katika biashara hiyo, huona sentimita 31 kwa pikseli. Kilichoongezwa kati ya 31 na saba na nusu ni ubunifu wa kompyuta. Tena picha nzima yaweza kuwa imekaa mita kadhaa pembeni ya mahali pake, hasa penye miteremko kama hapa, na tarehe yake yaweza kuwa ya kabla ya korongo kula uzio. Ugomvi wa mpaka wa nusu mita hauamuliwi kwa vidole viwili. Aitwe mpima ardhi.

Njia iliyozoeleka mtaani ya kukwepa uzito ni WhatsApp. Mtu akituma picha kama picha, programu huipunguza hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu. Inafika haraka, inafunguka kwenye simu yoyote, na ile ya korongo letu inabaki na pikseli moja kwa kila sentimita 62 na nusu. Kwa salamu za sikukuu yatosha. Kwa ufa haifai. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la HD, nalo bado ni kupunguza, ingawa si sana hivyo. Wajanja hutuma kama dokumenti, faili likafika bila kuguswa, na hapo tunarudi kwenye maharage. Opera Mini nayo kwa miaka mingi imewasaidia watu wa mega chache kwa kubania kurasa kwenye seva zake kabla hazijafika kwenye simu, na Chrome ilikuwa na huduma inayofanana nayo hadi ilipoiondoa mwaka 2022. Huduma hizi zinapunguza gharama, lakini kilichotupwa njiani hakirudi kwa kukuza. Mtu huvuta, akavuta, akapata ukungu, akadhani simu yake ni mbovu.

Dawa ya kweli ilishajulikana zamani, na jirani yangu huitumia kila siku bila kujua. Ni ile ya ramani ya Google, iliyotoka Februari 2005: usitume picha, tuma vigae vyake. Picha kubwa inakatwa miraba ya pikseli 256 kwa 256. Kisha inapunguzwa nusu, inakatwa tena. Inapunguzwa nusu tena, inakatwa, mpaka kinabaki kigae kimoja chenye mtaa mzima. Rundo hilo huitwa piramidi. Kivinjari hupiga hesabu ya dirisha lilipo na ngazi uliyofika, kikaomba vigae vinavyoonekana tu. Ule ukungu unaouona ukivuta ramani, ukifuatwa na miraba inayojisafisha mmoja baada ya mwingine, ndio kazi yenyewe: kigae cha ngazi ya juu ya piramidi kimevutwa kishike nafasi wakati vile vyenye maelezo zaidi vikiwa njiani.

Nilikaa na picha ya korongo nikahesabu. Ngazi ya chini kabisa inatoa vigae 79 kwa 59, ambavyo ni 4,661. Juu yake vinakuja 1,200, kisha 300, 80, 20, 6, 2 na 1. Jumla 6,270. Piramidi yote imeongeza theluthi moja tu na ushei kwenye hifadhi, kwa sababu kila ngazi ni robo ya ile iliyo chini yake. Na kioo cha simu, hata ukijaza kila pikseli yake, hakihitaji zaidi ya vigae 32 kwa wakati mmoja. Kigae kimoja kikiwa na kilobaiti 15, hizo ni chini ya nusu megabaiti, mahali pa 80. Kumbukumbu inayodaiwa na vigae 32 ni megabaiti 8, mahali pa 1,200. Simu ileile, mtandao uleule.

Wazo hili halikuanzia kwenye ramani. Mwaka 1983 Lance Williams alilieleza kwa ajili ya michoro ya kompyuta, akalipa jina linalotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya mengi ndani ya kidogo. Leo maktaba na makumbusho zina mfumo wao wa pamoja, IIIF, ulioanza 2011, unaoruhusu kuomba pembe moja tu ya hati ya kale kwa ukubwa unaotaka. Wanaastronomia wanauhitaji kuliko sisi: picha ya Andromeda iliyotolewa na NASA Januari 2015 ina pikseli 69,536 kwa 22,230, imepita hata kikomo cha JPEG. Mwenye simu anaitazama kwa vigae bila kujua kwamba picha nzima isingeingia kwenye simu yake.

Jirani zetu wa pwani walishapita njia hii. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 kwa sababu ileile ya mafuriko. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wakachora mitaro na nyumba, huku droni zikiwapa picha za juu. Zanzibar mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kurusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Kwa pikseli ya sentimita 7, kilometa moja ya mraba peke yake inazaa pikseli milioni 200 na zaidi. Hakuna kivinjari duniani cha kufungua kisiwa kizima namna hiyo. Picha hizo ziliwekwa wazi mtandaoni, na mtu wa Makunduchi au wa Muscat anaweza kuvuta mpaka akaona paa la kwao, kwa sababu kuna aliyezikata.

Siku hizi hata kukata vigae maelfu si lazima. Kanuni za mtandao tangu miaka ya 1990 zinaruhusu kivinjari kuomba kipande cha faili: nipe kutoka baiti hii hadi ile. Faili la picha la aina ya GeoTIFF likipangwa vizuri, piramidi ikawa ndani yake, seva ya kawaida kabisa inatosha na kivinjari kitadonoa kinachohitajika. OpenAerialMap, hazina ya wazi ya picha za angani, imejengwa juu ya mpango huo. Na kwa kuonyesha vigae kuna Leaflet, programu ndogo iliyoandikwa na Vladimir Agafonkin wa Kyiv mwaka 2011, bure kwa kila mtu.

Vigae vina udhaifu wake, na Bujumbura unaonekana haraka. Vinataka mtandao kila unaposogeza kidole. Mvua ikija usiku, umeme ukiondoka na mtandao nao ukilegea, faili zima lililoko kwenye simu bado lipo. Vigae havipo, isipokuwa vile vichache ulivyovitazama jana. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema faili zima lizikwe. Njia ya kati ipo: wanakamati wa mtaa wanapaswa kuwa na nakala ya vigae vyote kwenye kadi ya kumbukumbu, katika faili moja la MBTiles linalosomwa na programu ya ramani bila mtandao. Mwingine atauliza nani alipe seva. Swali la haki, lakini hizi ni gharama za mtu mmoja. Faili zima linamlipisha kila mtazamaji, kila mara, kwa faranga zake za mega, na wenye simu ndogo linawafungia mlango kabisa.

Picha zisizofikia ukubwa huo hazihitaji piramidi. Picha ya pikseli 4,000 kwa upande inabebwa na simu karibu zote za leo. Ihifadhiwe kwa JPEG ile inayokuja kwanza yote kwa ukungu na kujisafisha taratibu, badala ya ile inayoshuka kama pazia. Mtandao ukikatika katikati, angalau umeona picha yote kwa uhafifu. Kurasa nazo zinaweza kuweka ukubwa kadhaa wa picha moja, kivinjari kikachagua kinachofaa kioo chake. Hilo ni suala la dakika chache kwa anayejua.

Jirani yangu tulimkatia vigae jioni ileile, kompyuta yangu ikavuma kama dakika ishirini. Alivuta kwa vidole kutoka mtaa mzima mpaka kwenye ukuta wake wa nyuma, akapima kwa kidole kutoka ukutani hadi ukingoni, akakaa kimya. Kisha akauliza picha ilipigwa lini. Kwenye faili hapakuandikwa.

Enyi vijana mnaorusha droni juu ya Gasenyi, Nyabagere na Winterekwa, kazi yenu tunaiona. Kateni picha kabla ya kuzituma, na muandike tarehe.